Marcello Malpighi

Marcello Malpighi (10 Machi 1628 – Novemba 1694) alikuwa tabibu, mwanaanatomia na mwanabiolojia kutoka Italia. Anahesabiwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa anatomia ya hadubini, yaani uchunguzi wa sehemu za mwili ambazo ni ndogo mno kuonekana kwa macho matupu. Ndiye aliyegundua mishipa midogo ya damu inayoitwa kapilari, na kitabu chake kuhusu kiwavi wa hariri kilikuwa cha kwanza kueleza kwa kina viungo vya ndani vya mdudu mmoja.

Wanafunzi wa biolojia katika Afrika ya Mashariki wanalijua jina lake hasa kutokana na mirija ya Malpighi, viungo vinavyofanya kazi ya figo katika mende, panzi, mbu, mbung'o na wadudu wengine. Jambo ambalo vitabu vya shule kwa kawaida havisemi ni kwamba Malpighi aliichora mirija hiyo bila kutambua kuwa ni viungo vya kutoa takamwili, na kwamba katika uzee wake alishambuliwa hadharani kwa madai kuwa kupasua wadudu hakumponyi mgonjwa yeyote.

Maisha ya awali

Alizaliwa Crevalcore, mji mdogo karibu na Bologna, katika eneo lililokuwa wakati ule chini ya utawala wa Papa. Mwaka huohuo wa 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu, kitabu ambacho Malpighi alikuja kukikamilisha miaka 33 baadaye.

Familia yake ilikuwa na mashamba, na jirani yao ilikuwa familia ya Sbaraglia. Familia hizo mbili ziligombana kuhusu mipaka ya ardhi, kama majirani wengi wagombanavyo mahali pengi duniani, na ugomvi huo ulimfuata Malpighi maisha yake yote.

Alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Bologna akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1649 wazazi wake wote wawili walifariki. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kwanza, ilimbidi aache masomo kwa muda ili kutunza wadogo zake na kupanga mambo ya urithi. Aliporudi chuoni alijiunga na kundi dogo la wanafunzi waliokutana kwa mwalimu wao Bartolomeo Massari ili kupasua maiti na wanyama. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1653, na baadaye akamwoa Francesca, dada wa Massari. Hawakupata watoto.

Mwaka 1656 aliitwa kufundisha Pisa na Ferdinando II de' Medici, mtawala wa Toscana. Huko alifanya urafiki na mwanahisabati Giovanni Alfonso Borelli, aliyemzoeza kuutazama mwili kama mtambo wenye mirija, vichujio na pampu. Miaka mitatu baadaye, akiwa na afya dhaifu, alirudi Bologna. Mwaka huohuo wa 1659 ndugu yake Bartolomeo alimuua mtu wa familia ya Sbaraglia.

Mapafu ya chura na figo

Harvey alikuwa ameonyesha kwamba damu hutoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena, lakini hakuweza kuonyesha inapita wapi kutoka ateri hadi vena. Mwaka 1661, katika barua mbili kwa Borelli zilizochapishwa kama kitabu kidogo kiitwacho De pulmonibus, Malpighi alieleza alichokiona katika mapafu ya chura kwa hadubini: mtandao wa mishipa myembamba sana inayounganisha ateri na vena. Harvey alikuwa amefariki miaka minne kabla. Chura alifaa kwa kazi hiyo kwa sababu mapafu yake ni mifuko myepesi inayopitisha mwanga. Malpighi alikiri kwamba vyura wengi sana walikufa mikononi mwake.

Kuanzia mwaka 1662 hadi 1666 alifundisha Messina, Sisilia, na huko alichunguza ulimi, ubongo na neva. Aliporudi Bologna alichapisha De viscerum structura (1666), kuhusu muundo wa ini, figo, wengu na viungo vingine. Sehemu inayohusu figo ndiyo muhimu zaidi hapa. Aliingiza kimiminika cheusi katika ateri ya figo, kisha akaikata na kukuta vijidonge vingi vidogo vimening'inia kwenye matawi ya mishipa kama matunda mtini. Alidhani kwamba ni tezi zinazotenganisha mkojo na damu. Dhana yake haikuwa mbali na ukweli. Mwaka 1842 Mwingereza William Bowman alionyesha kwamba kila kijidonge ni fundo la kapilari lililokaa ndani ya kikombe, na kwamba kikombe hicho ni mwanzo wa mrija wa mkojo. Presha ya damu husukuma maji na chembe ndogo kupita katika fundo hilo, kisha mrija hurudisha mwilini vile vinavyohitajika. Figo za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 kwa siku, lakini mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi.

Hivyo jina la Malpighi limebaki katika viungo vya kutoa takamwili vya pande mbili: vijidonge vya figo za wanyama wenye uti wa mgongo, na mirija ya wadudu. Ni rahisi kwa mwanafunzi kuvichanganya, ingawa vinafanya kazi kwa njia karibu zinazopingana.

Kiwavi wa hariri

Mwishoni mwa mwaka 1667 Henry Oldenburg, katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya London, alimwandikia Malpighi akimwomba habari za viumbe na mambo ya asili ya Italia, ikiwa ni pamoja na kiwavi wa hariri. Hariri ilikuwa biashara kubwa mjini Bologna, na viwavi waliofugwa kwa majani ya mforsadi walipatikana kwa wingi. Malpighi aliifanya kazi hiyo kwa karibu mwaka mzima bila kupumzika, hata akapatwa na homa na kuvimba kwa macho. Kitabu chake, De Bombyce, kilichapishwa London mwaka 1669, na mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya hiyo.

Ili kuelewa uzito wa kitabu hicho lazima kukumbuka kwamba wasomi wengi wa zamani waliamini kuwa wadudu hawana viungo vya ndani vinavyostahili kutajwa. Malpighi alikuta kinyume. Alieleza moyo mrefu unaopita mgongoni, uzi wa neva wenye mafundo, tezi za hariri, na mirija ya hewa inayoanzia kwenye matundu ya ubavuni na kugawanyika hadi kila sehemu ya mwili. Alipopaka mafuta kwenye matundu hayo, kiwavi alikufa, na hivyo ikathibitika kwamba mdudu hupumua ingawa hana mapafu.

Katikati ya utumbo, mahali utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma, aliona pia nyuzi nyembamba zilizojikunja. Alizichora kwa uangalifu na kuendelea na mambo mengine. Kwa muda mrefu baada yake wataalamu wengine walidhani ni vyombo vya nyongo, kama ini la mdudu. Ni baada ya asidi ya uriki kukutwa ndani ya nyuzi hizo, katika karne ya 19, ndipo kazi yake ilipoanza kueleweka.

Miaka ya mwisho

Baada ya kiwavi, Malpighi alichunguza ukuaji wa kifaranga ndani ya yai (1673) na muundo wa mimea, ambao alichapisha kwa sehemu mbili mwaka 1675 na 1679. Alikuwa anaheshimiwa London kuliko Bologna. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, akapoteza hadubini, vitabu na maandishi mengi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa tabibu Giovanni Girolamo Sbaraglia, mtu wa familia ileile ya mipaka ya shamba, naye ndugu wa yule aliyeuawa. Kwa hiyo chuki yao haikuwa ya kitaaluma tu. Lakini hoja ya Sbaraglia ilikuwa na nguvu, na si haki kuipuuza: alisema kwamba kujua mishipa midogo, wadudu na mimea hakubadilishi chochote kitandani kwa mgonjwa, na kwamba tabibu anapaswa kujifunza dalili na dawa kutokana na uzoefu. Kwa wakati ule alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Hakuna homa iliyotibiwa katika karne ya 17 kwa sababu mtu alijua utumbo wa kiwavi. Malpighi aliandika jibu refu akidai kwamba mtambo hauwezi kutengenezwa na mtu asiyejua sehemu zake, lakini jibu hilo lilichapishwa baada ya kifo chake, pamoja na habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe (London, 1697).

Mwaka 1691 Papa Inosenti XII alimwita Roma awe tabibu wake. Mkewe Francesca alifariki mwaka 1694, na Malpighi mwenyewe akafariki kwa kiharusi mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo. Kwa miaka mingi alikuwa amesumbuliwa na mawe katika njia ya mkojo. Maiti yake ilichunguzwa na mwanafunzi wake Giorgio Baglivi, aliyekuta damu imemwagika ndani ya ubongo na figo moja ikiwa ndogo kuliko kawaida. Alizikwa Bologna.

Jinsi mirija ya Malpighi inavyofanya kazi

Mnyama yeyote anayevunjavunja protini hupata amonia, ambayo ni sumu. Wanaoishi majini wanaweza kuiacha iyeyuke nje. Yavuyavu mdogo wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano, hana kiungo chochote cha kutoa takamwili, kwa sababu kila seli yake iko karibu na maji na amonia hupenya yenyewe. Minyoo bapa, pamoja na yule anayeleta kichocho, wana seli zenye nywele ndogo zinazopepea kama mwali wa mshumaa na kusukuma majimaji kwenye vijia vya nje. Nyungunyungu ana jozi ya mirija, inayoitwa nefridia, karibu katika kila pingili. Kaa na kamba hutoa mkojo kupitia tezi zilizo chini ya vipapasio.

Shida ya mdudu wa nchi kavu ni tofauti. Hana maji ya kupoteza. Zaidi ya hayo, damu yake haipiti ndani ya mishipa bali imejaa katika uwazi wa mwili, na presha yake ni ndogo. Kwa hiyo hawezi kuchuja kama figo inavyochuja. Njia yake ni kupiga pampu.

Kila mrija wa Malpighi umeziba upande mmoja na kuelea katika damu, na upande wa pili unafunguka utumboni. Kiwavi wa hariri ana mirija sita, mbu mitano, mbung'o minne, na mende ana makumi mengi. Seli za ukuta wake zinatumia nishati kuingiza potasiamu ndani ya mrija, au sodiamu katika wadudu wengi wanywao damu. Kloridi hufuata, na maji hufuata chumvi kwa osmosi. Asidi ya uriki na sumu nyingine huingizwa pia. Majimaji hayo hutiririka hadi utumbo wa nyuma. Huko, hasa katika puru, maji na chumvi zinazofaa hunyonywa na kurudishwa mwilini. Asidi ya uriki haiyeyuki kwa urahisi, hivyo hugeuka fuwele na kutoka pamoja na kinyesi kikavu. Weupe wa kinyesi cha kuku ni asidi hiyohiyo, kwa maana ndege wametatua tatizo lilelile kwa kemikali ileile.

Mambo haya yalithibitishwa katika karne ya 20. Vincent Wigglesworth alieleza utoaji mkojo wa mdudu mnywa damu wa Amerika ya Kusini mwaka 1931, na katika miaka ya 1950 Arthur Ramsay wa Cambridge alifaulu kutoa mrija mmoja katika mwili wa mdudu-kijiti na kuuweka ndani ya tone la majimaji, nao ukaendelea kutoa mkojo peke yake.

Mwanafunzi wa Kabanga au Kasulu mjini anayepasua mende katika maabara anaweza kuiona mirija hii bila vifaa vya gharama. Mende apasuliwe chini ya maji ili viungo vielee. Nyuzi nyembamba za rangi ya manjano iliyofifia, zinazotawanyika kutoka sehemu moja ya utumbo, ndizo mirija ya Malpighi. Nyuzi zinazong'aa kama fedha si hizo, ni mirija ya hewa. Kosa la kuzichanganya ni la kawaida sana.

Mbung'o na papasi

Kama hoja ya Sbaraglia ingepimwa upya leo, mahali pazuri pa kuipimia ni nyanda za juu za Kigoma. Misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu ni makazi ya mbung'o, na malale imejulikana huko kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, ili kuwatenga na mbung'o. Watu waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao kwa sababu ya mdudu mwenye urefu wa sentimita moja hivi.

Mbung'o hula damu tu, dume na jike. Kwa mlo mmoja anaweza kunywa damu yenye uzito unaozidi ule wa mwili wake mwenyewe. Akiwa hivyo ni mzito, anaruka kwa shida, na ni rahisi kupigwa au kuliwa. Mirija yake minne huanza kazi mara moja: hata kabla hajamaliza kunywa, matone ya maji safi huanza kutoka nyuma yake, na ndani ya nusu saa hivi sehemu kubwa ya maji na chumvi ya ule mlo imeshatolewa. Kinachobaki tumboni ni chakula kilichokolea. Bila mirija hiyo mbung'o asingeweza kuishi kwa damu. Hata hivyo vimelea vya malale havipiti katika mkojo wake: hukua katika utumbo wa kati, huhamia kwenye tezi za mate na kuingia kwa mtu kwa kuumwa.

Kwa papasi mambo ni mengine. Huyu ni kupe laini anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Papasi ana mirija ya Malpighi, inayotoa takamwili ya nitrojeni kwa umbo la guanini. Lakini maji ya ziada huyatoa kwa kiungo kingine, tezi zilizo chini ya mapaja ya miguu ya mbele. Tezi hizo huchuja damu kwa presha na kisha kurudisha vinavyofaa, yaani zinafanana na figo ya mtu kuliko mirija ya mdudu. Papasi anapokula, au mara tu baada ya kula, majimaji ya tezi hizo hulowesha ngozi ya mtu. Kama papasi ameambukizwa, bakteria wa homa ya papasi wamo ndani yake, na huingia kupitia kidonda cha kuumwa au hata ngozi. Njia nyingine ni mate yake. Mwaka 1905 Joseph Everett Dutton na John Todd walithibitisha katika Kongo ya mashariki kwamba kupe huyu ndiye anayeeneza ugonjwa huo. Dutton aliugua homa hiyo wakati wa utafiti, akafariki Kasongo mwaka huohuo akiwa bado kijana.

Utafiti wa karibuni umeonyesha pia kwamba seli za mirija ya Malpighi zimejaa vimeng'enya vinavyovunja sumu. Katika nzi wadogo wa matunda, kiasi cha kimeng'enya kimoja ndani ya mirija hiyo peke yake kinatosha kubadilisha uwezo wa nzi kustahimili DDT. Kwa sababu hiyo wanaochunguza mbu wasiokufa kwa dawa ya vyandarua huangalia mirija hiyo pia.